Sikio Wazi Mwezi wa Julai

Wiki iliyopita mteja mmoja alikuja kuchukua cherehani yake katika kibanda changu hapa Ruring'u, akiwa na bintiye mdogo. Mtoto alikuwa amevaa boshori ya sufu iliyoteremshwa hadi kwenye nyusi, na juu ya boshori alikuwa amefungwa leso. Alipoinama karibu nami kutazama ninavyotia uzi kwenye sindano, nilipata harufu. Haikuwa harufu ya uchafu, maana mtoto alikuwa ameogeshwa na kupakwa mafuta. Ilikuwa harufu nzito, tamu kwa namna mbaya, kama ya maziwa yaliyosahaulika ndani ya chupa. Niliijua kabla sijaifikiria. Nikamwuliza mama yake kwa upole kama sikio la mtoto linatoa usaha. Akasema ni baridi tu, ati Julai ikiisha litakauka lenyewe. Nikamwambia halitakauka, ampeleke hospitali. Alinitazama vile watu wanavyomtazama fundi anayejifanya daktari, akachukua cherehani yake akaenda.

Mimi si daktari. Niliacha shule kabla ya kumaliza sekondari, na mengi ninayoyajua nimeyasoma peke yangu, polepole, nikirudia ukurasa mpaka niuelewe. Lakini juu ya jambo hili sinyamazi, na sina nia ya kuanza kunyamaza sasa.

Wewe wa rika langu uliyekulia upande huu wa Mlima Kenya unaujua ule ukungu wa Julai. Kwetu Wamagana ulishuka kutoka milima ya Nyandarua alfajiri, ukalala juu ya michai hadi karibu saa sita, na jua likitokea lilikuwa jeupe kama sahani. Sweta zetu za shule hazikukauka. Zilianikwa juu ya meko, zikavaliwa zikiwa na unyevu na moshi pamoja. Katika hali hiyo watu wazima walikuwa wamekubaliana juu ya jambo moja, waliosoma na wasiosoma, wa kanisa hili na lile: baridi huingia mwilini kwa masikio. Mtoto angeweza kutembea miguu mitupu juu ya umande na hakuna aliyeshtuka, mradi masikio yake yamefunikwa. Mwenye masikio wazi alisimamishwa njiani na mtu yeyote mzima, akaulizwa mama yake ni nani.

Kwa hiyo sikio langu la kushoto lilipoanza kutoa usaha, nikiwa bado sijaanza shule, hakuna aliyeuliza sababu. Baridi ilikuwa imeingia. Kazi iliyobaki ilikuwa kuiziba njia. Cucu yangu, mama yake Baba, aliyeishi nyumba ya pili katika boma letu, alinifumia boshori nene ya rangi ya kahawia, na kila asubuhi aliniita mlangoni kwake aivute mwenyewe hadi shingoni. Kabla ya boshori kulikuwa na matibabu. Alipasha mafuta ya kondoo kwenye kijiko, akayajaribu kwa kidole, akayadondosha sikioni kwa unyoya wa kuku. Mwaka mmoja jirani aliyekuwa ananyonyesha aliombwa msaada, nami nikalazwa mapajani mwake huku mtoto wake akilia kwa kuona chakula chake kinaelekezwa kwangu. Nilihisi maziwa yakiingia, ya uvuguvugu, halafu dunia upande ule ikazibika kabisa. Cucu akasema ni dawa inayofanya kazi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilikuwa nimeanza kusoma, na nilikuwa nimeona kwamba kadiri sikio lilivyotoa maji mengi ndivyo nilivyokosa kusikia. Nikajumlisha mambo hayo mawili. Maneno ya mwalimu yaliingia kwa sikio la kulia, yakakaa kichwani kidogo, kisha yakayeyuka na kutokea upande wa pili. Ule utelezi niliouona kwenye mto wangu asubuhi ulikuwa masomo ya jana. Sikumwambia mtu. Nilichomoa pamba kutoka kwenye godoro la Cucu, nikaiviringa, nikaisukuma sikioni, ndani kabisa, mahali ambapo Mama akipitisha kitambaa hangeiona. Ilipolowa nilisukuma nyingine nyuma yake. Nilijisikia mwerevu sana.

Likizo ya Aprili ya mwaka ule ninaousimulia, Cucu aliamua nipelekwe Wang'uru. Baba alifanya kazi huko kwenye kinu cha mpunga na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Hoja ya Cucu ilikuwa nyoofu: ikiwa baridi ndiyo iliyoleta ugonjwa, joto litauondoa. Nikaenda na boshori yangu kichwani, nikaivaa kule tambarare ambako hata mbwa walikuwa wamelala chini ya magari. Watoto wa mtaa wa Baba walinizunguka. Mmoja akauliza kama kuna barafu ya Mlima Kenya chini ya hiyo kofia, na kama nikiivua wataweza kuilamba. Nikaivua siku hiyo hiyo, si kwa sababu ya dhihaka bali kwa sababu walikuwa wanaenda kuogelea kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, na nilikuwa sijawahi kukutana na maji yenye joto yasiyotoka kwenye sufuria. Tuliogelea kila siku. Tulizama, tukashikana miguu, tukaibuka na matope kwenye nywele.

Nilirudi Wamagana nikiwa mweusi, mnene kidogo, na sikio likinuka kuliko wakati wowote. Usaha ulikuwa umegeuka kijani. Cucu alisema joto limeusukuma ugonjwa utoke, na kwamba ni dalili njema.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu wa darasa alinihamisha. Nilikuwa nikikaa katikati, naye akanipeleka nyuma kabisa upande wa kulia, chini ya dirisha lisilo na kioo. Nilifurahi. Dirisha lile lilitazama barabara ya kwenda kituo cha kununulia chai, na lilikuwa na mwanga mzuri kuliko sehemu yoyote ya darasa. Nilidhani nimezawadiwa kwa mwandiko wangu. Kwa siku kadhaa nilikaa pale kwa fahari, nikinyoosha mgongo, mpaka nilipoona kwamba msichana wa deski la mbele yangu amevuta ukosi wa sweta hadi puani, na kwamba anaushikilia hivyo kipindi kizima. Wakati wa mapumziko nilimwuliza Wangeci, aliyekuwa jirani yangu kule katikati na rafiki yangu, kwa nini wanafanya hivyo. Wangeci hakuwa mtu wa kuficha.

"Ni mimi nilimwambia mwalimu," akasema. "Unanuka kama panya aliyekufa ukutani. Mimi nilishindwa kula githeri."

Alilisema bila chuki, kama anavyoweza kusema kwamba mvua imeanza. Nilirudi chini ya dirisha nikiwa nimejua kiti kile ni cha nini.

Kutoka pale mambo yalikwenda haraka. Mwalimu aliuliza swali, nami sikuinua kichwa. Aliita jina langu, nami nikaendelea kuandika. Mara moja alikuja hadi nyuma yangu akapiga makofi, nikageuka wakati darasa zima lilikuwa limekwisha kucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita Mama shuleni, akamweleza kwa heshima kwamba kuna shule ya bweni ya watoto viziwi katika mji mwingine, kwamba kuna vitanda na mkate asubuhi, na kwamba muhula utakapoisha ataniombea nafasi. Akasema kunibakiza pale ni kunionea. Mama alinisimulia hayo njiani kwa Kikuyu, upande wa sikio langu la kulia, bila kunitazama.

Unaweza kufikiri nilichoogopa ni kuondoka nyumbani. Niliogopa zaidi ya hapo. Kwa hesabu yangu, shule ile ilikuwa mahali pa watoto ambao masomo yao yote yamekwisha kuvuja, na hakuna mtu anayewaongelesha tena kwa sababu hakuna haja. Usiku na mchana nilisukuma pamba.

Mama alikuwa mtu wa kukubali mambo. Nilikuwa nimemwona akikubali maamuzi ya Cucu, ya Baba, ya karani wa kituo cha chai aliyekataa majani yake. Hili hakulikubali. Hakulijadili na mtu. Siku iliyofuata alinivalisha nguo ya kanisani, tukaenda Nyeri mjini, tukaketi kwenye benchi refu pamoja na watoto wengine wenye boshori, mpaka tukaitwa na daktari wa masikio. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mrefu, mwenye kioo kidogo cha duara kwenye paji la uso na Kiswahili kizito cha kwao. Alinivua boshori akaiweka juu ya meza mbali na karatasi zake. Alitazama ndani ya sikio kwa muda mrefu. Kisha akachukua koleo ndogo na kuanza kuvuta.

Kilichotoka kwanza kilikuwa cha kijivu. Kilichofuata kilikuwa cheusi. Kilichotoka mwisho kilikuwa kimeoza hasa, na daktari mwenyewe aligeuza uso. Mama alisimama.

"Nani aliweka hii?" daktari akauliza.

Mama akasema hajui, anaapa hajui. Nikasema ni mimi.

"Kwa nini?"

"Masomo isitoke."

Sijui nilitarajia nini. Hakucheka. Aliweka koleo chini, akayasogeza meno ya chini mbele ya ya juu kama mtu anayehesabu, kisha akanigeuza nimtazame.

"Sikia. Masomo haiwezi kutoka na masikio, hata ukitaka. Hii ni usaha. Huko ndani kuna ngozi nyembamba, na yako imetoboka. Inataka kukauka ndio ijaribu kujifunga. Wewe ulikuwa unaifungia ndani na maji."

Akamgeukia Mama na kumfundisha, akimwonyesha na kumfanya arudie. Achukue kitambaa safi cha pamba kinachofyonza, akisokote kama utambi wa taa, akiingize polepole, asubiri kinywe, akitoe, aweke kingine, mpaka kitoke kikavu. Asubuhi, mchana nikiwa nyumbani, na jioni. Baada ya kukausha ndipo atie dawa ya matone. Asiache kitu chochote ndani. Mafuta hapana, maziwa hapana, maji ya kuoga hapana. Na sikio libaki wazi.

"Na baridi?" Mama akauliza.

"Baridi haina makosa hapa, mama."

"Daktari, sisi tunatoka Wamagana. Ni Julai."

"Hata Julai. Kofia akitaka avae, lakini ikae juu. Sikio ikae nje."

Tangu wakati huo nimesoma yote niliyoweza kupata juu ya jambo hili, na nitaandika kwa kifupi kwa faida ya yeyote. Ugonjwa kama wangu kwa kawaida huanza puani. Mtoto hupata mafua, mafua hupanda kwa mrija mdogo unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati, usaha hujaa, na ngozi ile hupasuka. Ikipasuka, maumivu hupungua na watu hudhani mtoto amepona. Kisha maji na uchafu hupita kwenye tundu kutoka nje, na sikio halipati nafasi ya kukauka. Mafua ni mengi katika miezi ya baridi, watoto wanapojifungia pamoja kwenye nyumba zenye moshi. Kwa hiyo Cucu hakuwa mjinga. Alikuwa sahihi kuhusu majira, akakosea mlango.

Lakini huwezi kumwambia hivyo mwanamke aliyekulea. Asubuhi ya kwanza Mama alinisokotea utambi, akaukausha usaha, akatia matone, akanikunjia boshori juu ya masikio. Nilipopita mlangoni kwa Cucu, aliivuta chini. Nilipofika kwenye kona ya njia, niliikunja juu. Kesho yake vivyo hivyo. Ukungu ulikuwa mzito, na boshori yenyewe ilikuwa imelowa, sufu mbichi ikinigusa sikio kila nilipogeuka. Siku ya tatu au ya nne nilichoka na mchezo huo. Niliivua mbele ya Cucu, nikaiweka juu ya kigoda chake, nikaenda shule kichwa wazi.

Sijui kama unaelewa lilikuwa jambo gani. Sikuwa mtoto wa kubishana. Lakini nilikuwa nimeona kile kitu cheusi kikitoka kwenye sikio langu, nami nilikuwa nakijua kilichokiweka, na hakikuwa baridi. Wanawake waliokuwa wakishuka na vikapu vya majani ya chai walinisimamisha. Mmoja alivua kitambaa chake mwenyewe kichwani kunifunga. Nilirudi nyuma hatua moja nikamwambia asante, daktari amesema hapana. Jioni habari ilikuwa imefika kwenye kituo cha chai kabla ya Mama. Aliambiwa mbele ya wote kwamba akichoka kulea aseme, si kuua aliye naye. Mama alimwaga kikapu chake kwenye mizani, akawaambia sikio ni la mtoto wake na mtoto wake ni wake. Kisha akarudi nyumbani akalia jikoni, akasema ni moshi.

Cucu aliacha kuniita mlangoni. Alisubiri mwisho wa mwezi. Baba alipofika kutoka Wang'uru na mfuko wa mchele begani, Cucu alimkalisha na kumweleza kila kitu kwa mpangilio, bila kumsingizia Mama hata neno moja, jambo lililofanya mashtaka kuwa mazito zaidi. Baba alisikiliza. Alikuwa amechoka na njia. Aliniambia nivae boshori niache upuuzi, na alisema kwa sauti ya mtu anayetarajia jambo kuisha.

Nilikuwa nimelifikiria tangu siku ya daktari, na nilikuwa nimelipanga.

"Baba, Wang'uru kuna baridi?"

"Hakuna."

"Na nilipokuwa huko nilivaa boshori?"

Baba alikuwa ameniona mferejini, kichwa wazi.

"Sikio liliharibika zaidi huko," nikasema. "Huko kwenye joto. Kama ni baridi, ilinifuata kwa basi?"

Mama alitazama moto. Cucu alishika goti lake na kuuliza ni mtoto wa wapi huyu anayemjibu baba yake kama hakimu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa muda nilidhani anatafuta fimbo kwa macho.

"Mama," akamwambia Cucu, "hapo ameniweza."

Hakunipa ushindi. Alisema ataacha mambo yaendelee mpaka muhula uishe. Sikio likiwa bado linatoa usaha siku hiyo, nitavaa boshori, na nitakwenda kwenye ile shule ya mwalimu, na hakuna atakayesikia hoja nyingine kutoka kwangu. Nilikubali. Ilikuwa haki.

Kwa hiyo sasa kila kitu kilikaa juu ya kipande cha kitambaa. Mama alikuwa amechana shuka kuukuu, akavichemsha vipande, akavipiga pasi ya makaa. Nilijifunza kukaa kimya kichwa kikiwa kimeinama, nikihisi utambi ukiingia, mkavu na wenye joto la mkono wake. Mwanzoni ulitoka umelowa wote. Baadaye ulilowa nusu, kisha kwenye ncha tu. Halafu siku moja mvua ilitunyeshea njiani kutoka shule, mvua ya ubavu isiyokwepeka, na kesho yake utambi ukatoka umelowa wote tena na harufu ikarudi. Niliutazama uso wa Mama. Alisokota mwingine. Niliposema labda Cucu ana haki, alinipiga kofi dogo la bega, la kwanza na la mwisho kwa sababu ya sikio, akaniambia nisirudie kusema hivyo.

Muhula ulipokaribia kuisha, Mama aliuchomoa utambi asubuhi moja, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akaunusa. Akaweka mwingine, akausubiri muda mrefu kuliko kawaida, akaunusa na huo. Kisha alitoka nje, akavuka ua hadi kwa Cucu, akamkabidhi utambi mkavu. Niliwaona kutoka mlangoni. Cucu aliushika kwa vidole viwili, akausogeza puani, akaugeuza upande wa pili akaunusa tena. Hakusema Mama alikuwa sahihi, wala hakuwahi kusema mpaka alipofariki. Aliutupa motoni, akamuuliza Mama kama amekunywa chai.

Mama alinipeleka shuleni yeye mwenyewe wiki ile ya mwisho. Wenzangu walikuwa nje kwa mapumziko, na mwalimu alikuwa peke yake darasani akisahihisha. Mama akamwambia sikio limekauka, anipime. Mwalimu alisema amefurahi kusikia, lakini kukauka si kusikia. Akanisimamisha nikiwa nimeelekea ukuta, akasema maneno nyuma yangu kwa sauti ya kawaida. Niliyarudia yote. Akaniziba sikio la kulia kwa kiganja chake akasema mengine. Hapo nilishika moja, nikakosa linalofuata.

"Unaona, mama?" akasema, na kusema kweli alisikitika. "Hiyo moja haisikii vizuri. Na darasani hajibu. Nimemwita mara ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa nimelipata chini ya dirisha, katika wiki zile ndefu, kwa kugeuza kichwa huku na huku.

"Mwalimu, hiyo moja ni kweli haisikii sana," nikasema. "Lakini pale kwa dirisha, sikio nzuri inaangalia nje. Inasikia lori ya chai. Hii mbaya ndiyo inaangalia wewe."

Alinitazama. Akatazama deski lile la nyuma. Kisha alifanya jambo ambalo sitaacha kumheshimu kwalo: alitembea hadi pale, akajibana magoti akaketi kwenye kiti changu, akaziba sikio lake la kushoto kwa kidole. Lori halikuwepo, lakini watoto walikuwa wanapiga kelele uwanjani, na kelele zote ziliingia kwa dirisha lisilo na kioo.

"Mama, sema kitu," akaita. "Kwa sauti ya kawaida."

Mama hakuwahi kusema neno mbele ya ubao. Alikunja mikono juu ya leso yake.

"Mtoto wangu haendi mahali," akasema.

Mwalimu alibaki ameketi kidogo, kidole bado kiko sikioni.

"Sema tena," akasema.

Mama akasema tena, kwa sauti ile ile, hakuiongeza hata kidogo. Mwalimu alitoa kidole, akasimama, akapangusa vumbi la chaki kwenye suruali. Akaniuliza nataka kukaa wapi. Nikaonyesha mbele kabisa upande wa kushoto, kwenye ukuta, ambako sikio bovu lingetazama mawe na zuri lingetazama dunia yote. Akasema sawa. Hakuitaja ile shule tena, siku hiyo wala baadaye.

Tundu lile halikujifunga lote. Hadi leo nikioga nakinga sikio la kushoto, na mteja akisimama upande ule wa kibanda namwomba azunguke. Mwezi wa Julai natembea Ruring'u masikio yangu yakiwa wazi, na wanaonisimamisha bado wapo.

Deski nililochagua siku ile lilikuwa la Wangeci. Mwalimu alikuwa amemhamishia huko muhula huo kwa sababu ya kuongea. Kengele ilipolia na wote wakaingia wakisukumana, alinikuta nimeshaketi, vitabu vyangu viko juu ya meza.

"Hapa ni pangu," akasema.

"Ni petu."

"Mimi sikai na wewe. Unajua kwa nini."

Nilizisukuma nywele nyuma, nikamgeuzia sikio la kushoto.

"Nusa," nikamwambia.

Aliwatazama wengine. Kisha akainama, mkono mmoja ukiwa umeshika pua tayari. Akauondoa. Akanusa, akasogea karibu zaidi, akanusa tena kwa makini kama mtu anayekagua maziwa.

"Unanuka moshi," akasema.

"Kama wewe."

Alifikiria kidogo, akasogeza vitabu vyake, akaketi.